Huenda, Pengine, Usije Ukaanguka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu "May", "Might", "Could" na Ndugu Zao

Maswali haya nimeyaokota darasani. Nafundisha Kiingereza jioni hapa Dodoma mjini, na wengi wa wanafunzi wangu ni watu wazima: muuguzi, dereva wa bajaji, mkulima wa zabibu wa Hombolo anayeandikiana na wanunuzi, makarani wawili wanaokwenda kwenye ofisi za serikali za Mtumba kila asubuhi, na vijana wachache wa sekondari wanaosukumwa na wazazi wao. Kila mmoja ana shida zake, ila kosa moja ni la wote, na mimi pia nililifanya miaka mingi. Utakutana nalo katika swali la pili.

Mwalimu, "kueleza matokeo yanayowezekana" ni kufanya nini hasa?

Ni kusema kwamba jambo hili likitokea, lile nalo linaweza kufuata, na papo hapo kumwonyesha msikilizaji una uhakika kiasi gani. Mamlaka ya Hali ya Hewa huifanya kazi hiyo vizuri. Tahadhari zao zina mahali pa "uwezekano wa kutokea" na mahali pa kiwango cha athari, kisha wanataja athari zinazoweza kujitokeza: baadhi ya makazi kuzungukwa na maji, shughuli za usafiri kuchelewa. Hawakwambii nyumba yako itazama. Hawakwambii pia ulale fofofo.

Sisi shaka yetu mara nyingi tunaitanguliza: huenda, labda, pengine, yamkini. Mwingereza naye anayo maneno ya namna hiyo, lakini kwa kawaida shaka yake anaibana kwenye neno dogo linalotangulia kitenzi: "may", "might", "could", "can", "will", "would", "should". Hapa nitayaita visaidizi. Havibadiliki kwa nafsi, havitaki "s" kwa "he" wala "she", na kitenzi kinachofuata hakivai "to". Ukiandika "She mights to come" umekosa mara mbili katika maneno manne.

"Inaweza" si ndiyo "can"? Mbona niliandika "It can rain tomorrow" nikakoseshwa?

Hili ndilo swali mama, kwa hiyo nitakaa nalo.

"-weza" yetu ni moja, lakini inafanya kazi za watu watatu. "Asha anaweza kuogelea": huo ni uwezo wa mtu. "Sigara inaweza kusababisha saratani": hiyo ni tabia ya kitu, jambo linalojulikana kwamba hutokea. "Mvua inaweza kunyesha kesho": huko ni kubahatisha juu ya siku moja mahsusi. Sisi tunapita kwa hao watatu bila kuona mpaka. Kiingereza kinauona. Wawili wa kwanza wanachukua "can": "Asha can swim", "Smoking can cause cancer". Wa tatu anaikataa. Utasema "It may rain tomorrow", au "might", au "could".

Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni cha kwetu wenyewe, hakimo katika vitabu vyao. Chukua sentensi yako ya Kiswahili, ng'oa "-weza", weka "huenda" pamoja na "-ka-". "Huenda mvua ikanyesha kesho." Maana imebaki ileile? Basi "can" iache. Sasa jaribu "Huenda Asha akaogelea." Maana imehama, tunabahatisha kama ataingia majini leo, hatuzungumzii tena ujuzi wake. Kwa hiyo kwa Asha "can" ilikuwa sawa. Na "Huenda sigara ikasababisha saratani" inasikika kana kwamba madaktari bado wanajadiliana. Hapo pia "can" ilikuwa sawa.

Kwa hao wa tabia kuna kipimo kingine: chomeka "wakati mwingine". Usiku wa Julai Dodoma kunaweza kuwa na baridi, yaani wakati mwingine huwa hivyo, jambo ambalo mgeni aliyetoka Dar es Salaam na shati la mikono mifupi hulijua siku ya kwanza. "Dodoma can be cold on July nights" ni sentensi safi. Ila ukitazama anga jioni hii ukataka kumwonya mtu kuhusu usiku huuhuu, sema "It could be cold tonight."

Nilijifunza haya kwa aibu. Kabla ya ualimu nilifanya kazi ya mapokezi katika nyumba moja ya wageni, nikapewa kazi ya kuandika tangazo la Kiingereza la kubandika bafuni. Kiswahili chake kilikuwa "Maji yanaweza kuisha asubuhi." Nikaandika "Water can finish in the morning." Mgeni mmoja mzee akashuka na taulo begani, akaniuliza kwa upole kabisa: "Finish what?" Maji yanaweza kumaliza nini? Kosa lilikuwa kwenye "can" na lilikuwa kwenye "finish" vilevile, kwa sababu maji ya Kiingereza hayamalizi, "yanakimbia nje": "The water may run out in the morning." Tangazo lile lilikaa ukutani miezi mitatu zaidi.

Kati ya "may", "might" na "could" tofauti iko wapi?

Wanafunzi hupenda niwape asilimia. Nimeacha kuziandika ubaoni, maana mtu huzikariri halafu akawa anapiga hesabu katikati ya mazungumzo. Ukweli ni kwamba kwa wasemaji wengi wa leo "may" na "might" zinakaribiana sana. Ukilazimishwa kuchagua, "might" ina shaka kidogo zaidi na inasikika zaidi mdomoni. "May" inapendwa kwenye maandishi rasmi, ripoti na matangazo.

"Could" ina ladha yake. Inataja jambo moja kati ya mengi yanayoweza kutokea, na mara nyingi ni lile la kutisha. Ndiyo maana inafaa sana kwa maonyo. Fikiria korongo. Huku kwetu mvua inaweza kupiga vilimani mbali, wewe uko hapa jua linawaka, mchanga mkavu, na ghafla maji yanashuka yamebeba magogo. Unamwambia dereva mgeni: "Don't cross the riverbed now. You could be swept away." Humwambii kwamba lazima atasombwa. Unamwonyesha picha moja na kumwachia aamue. Ukisema "You may be swept away" hujakosea, ila kidogo unasikika kama karani wa bima.

"May" ina mtego wa pili: hutoa ruhusa pia. "You may leave" inaweza kuwa mwalimu anakuruhusu utoke. Mara nyingi muktadha unatatua, lakini ukiona sentensi yako inasomeka njia mbili, tumia "might" uondoe utata.

Nimeambiwa "might" ni wakati uliopita wa "may". Mbona basi inazungumzia kesho?

Zamani ilikuwa kweli. "Might" ilitoka kwa "may", "could" kwa "can", "would" kwa "will", "should" kwa "shall". Baadaye umbali wa wakati ukageuka kuwa umbali wa uhakika: jambo lililosogezwa mbali na sasa likasikika kama lililosogezwa mbali na kweli. Umbo la zamani bado linaonekana mtu anaponukuu maneno ya mwingine: "It may rain" ya jana ikisimuliwa leo huwa "He said it might rain."

Usishangae sana, hata vyetu vina historia. Kiambishi "-ta-" cha wakati ujao kinatokana na "-taka". Kinajitokeza kizima katika "atakaye" na "yatakayotokea". Na "will" ya Kiingereza nayo asili yake ni kitenzi cha kutaka. Mswahili na Mwingereza, kila mtu akizungumzia kesho huanza na anachokitaka.

"Will" niitumie lini, ikiwa mambo ya kesho hakuna ayajuaye?

Unapokuwa tayari kuyasimamia maneno yako. "If you leave grapes in the sun all day, they will spoil." Mkulima wa Hombolo haitaji "might" hapo, ameshaona kreti za kutosha zikiharibika. "Will" ni ya matokeo yasiyo na mjadala, ya ahadi, na ya vitisho. Ukitaka kumwambia mtu atakiona kilichomtoa kanga manyoya, usitafute kanga kwenye kamusi, sema tu "You will regret it." Vitisho vya "might" havimtishi mtu.

Kwa upande mwingine, karani mmoja kati ya wale wa Mtumba alimwandikia mgeni wa ofisi "The meeting will be postponed" wakati bosi alikuwa ametaja tu kwamba huenda kikao kikaahirishwa. Mgeni akabadilisha tiketi. Neno lilikuwa "may".

Ukitaka kulegeza kidogo, iongezee "probably": "They will probably be late." Hiyo ni njia nzuri ya kusimama kati ya "will" na "might", na ni rahisi kuliko kuhangaika na visaidizi vipya.

Kwa nini "If it will rain, we will plant" ni kosa? Mimi nazungumzia siku zijazo kote.

Kwa sababu Kiingereza hutaja wakati ujao mara moja tu, kwenye matokeo. Kwenye sharti kinatumia wakati uliopo wa kawaida: "If it rains, we will plant." Ukiangalia vizuri Kiswahili kinafanya karibu hivyohivyo. "Mvua ikinyesha, tutapanda." Hiyo "-ki-" haina "-ta-". Kosa linaingia pale tunapofikiri kwa "kama": kama mvua itanyesha, tutapanda. Kwa hiyo dawa yake ni kurudisha sentensi kwenye "-ki-" kabla hujaitafsiri.

Lakini "-ki-" nayo ina ujanja wake: inabeba "if" na "when" kwa pamoja. Mzee wa Bahi anaposema mwezi wa 11 "mvua zikianza tutapanda", anamaanisha zitaanza, swali ni lini. Hapo ni "When the rains start, we will plant." Msimu wetu ni mmoja, kuanzia karibu na Desemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima hapa mara nyingi haifiki milimita 600. Zikichelewa hadi Januari ikapita nusu, mzee yuleyule atasema maneno yaleyale kwa Kiswahili, ila moyoni "when" imeshageuka "if". Kiswahili kinamfichia siri. Kiingereza kitamlazimisha achague.

Kwenye matokeo unaweza kuweka kisaidizi chochote kinacholingana na uhakika wako. "If the rains are late, farmers might plant sorghum instead of maize." "If they fail, food prices could rise."

"Usije ukaanguka" inasemwaje kwa Kiingereza?

Swali nilipendalo. Mtoto amepanda mti, mama anapaza sauti: "Shuka, usije ukaanguka!" Maneno mawili, na ndani yake mna onyo, matokeo yanayohofiwa na upendo. Kiingereza hakina umbo moja la kuyabeba yote. Niliwahi kuona "Don't come and fall", tafsiri ya neno kwa neno, na nikamhurumia mtoto anayeambiwa asije kuanguka hapa, aende akaangukie kwingine.

Kuna njia tatu, na uchaguzi unategemea hali. Ya kwanza ni kutenganisha sentensi na kutumia "might" au "could": "Come down! You might fall." Ndiyo inayosikika zaidi. Ya pili ni "or", yenye nguvu kama la sivyo yetu: "Come down or you'll fall." Hapo mama ameshachoka. Ya tatu ni "in case", na inafaa pale unapochukua hadhari mapema: chukua mwavuli, mvua isije ikakunyeshea, "Take an umbrella in case it rains."

Angalia "in case" isigeuke "if". "Take an umbrella in case it rains" ni kwamba unauchukua sasa hivi, inyeshe isinyeshe. "Take an umbrella if it rains" ni kwamba unasubiri inyeshe kwanza ndipo uutafute, na utakuwa umeshalowa.

Kuna pia "lest", ambalo kwa maana ndilo linalofanana zaidi na "-sije -ka-". Vijana wa kidato cha nne wanalipenda kwa sababu linasikika la kisomi. Halali, lakini ni la vitabuni. Ukimpigia kelele mtoto aliye juu ya mti kwa "lest", atakuwa ameshafika chini kwa njia yake mwenyewe.

Na ukitaka "wahi, treni itakuacha", usiseme "The train will leave you." Nimelisikia sana tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kwa sababu hiyo inaondoka kwa saa yake na kweli inaacha watu. Kwa Kiingereza ni wewe unayeikosa: "Hurry up, or you'll miss the train." Kama bado muda upo kidogo, "You might miss the train."

Kukanusha kuna shida gani?

Kubwa kuliko watu wanavyodhani. "It may not rain" na "It might not rain" maana yake ni huenda isinyeshe. Mlango bado uko wazi. Lakini "could not" na "cannot" zinaufunga: haiwezekani. Mkulima wangu aliandika "The harvest could not be enough", akikusudia huenda mavuno yasitoshe. Mnunuzi akaelewa kwamba mavuno hayakuweza kutosha, jambo limekwisha. Akanunua kwingine. Alitakiwa kuandika "might not be enough".

Kwa hiyo kwenye kukubali "could" na "might" ni majirani, kwenye kukana kila mmoja ana mtaa wake. Na "may not" inaweza kusomeka kama katazo: "Visitors may not enter" ni marufuku, si kubahatisha.

"-nge-" na "-ngali-" zinaingia wapi?

Kwenye "would". "Ningekuwa na kisima, ningelima mboga mwaka mzima": "If I had a borehole, I would grow vegetables all year." Kama hata matokeo yenyewe una shaka nayo, badilisha "would" uweke "might" au "could": "I might even sell some." Kumbuka kwenye upande wa "if" hapaingii "would". "If I would have a borehole" ni ndugu wa lile kosa la "If it will rain".

Yaliyokwisha kupita ndiyo magumu. Kwa sarufi ya shule, "-ngali-" ni ya majuto, mambo ambayo hayarudi tena. Mitaani tumeshaizika, tunasema "-nge-" kwa yote. "Tungepiga dawa mapema, zabibu zisingeoza." Je, zimeshaoza au bado tunapanga? Kwa Kiswahili cha sasa unahitaji kumtazama msemaji usoni. Kiingereza hakikuruhusu ukae hapo katikati. Kama bado kuna nafasi: "If we sprayed early, the grapes would not rot." Kama ubwiri unga umeshapita shambani na hakuna cha kuokoa: "If we had sprayed early, the grapes would not have rotted." Na kama huna uhakika hata sasa kwamba dawa ya salfa ingesaidia: "might not have rotted". Hiyo ya mwisho ndiyo sentensi ya mtu mkweli, kwa maoni yangu, lakini wakulima wengi wanapendelea "would" kwa sababu inampa jirani aliyekataa kupiga dawa lawama yote.

"Could have" ina uzito mwingine unaofaa kujua. Hutumika kwa hatari iliyokwepwa. Bodaboda amekatiza mbele ya lori pale kwenye mzunguko, amepona: "You could have been killed!" Hakufa. Kila mtu anaona kwamba hakufa. Ndiyo maana ya sentensi.

Naweza kuweka visaidizi viwili pamoja, "will can" au "may can"?

Hapana. Kiti ni kimoja. Ukitaka nitaweza, sema "I will be able to". Ukitaka huenda nikaweza, "I might be able to". Na "I can be able to", inayosikika kuanzia ofisini hadi kanisani, ni kuvaa kofia mbili. Chagua moja.

"Maybe" na "may be"?

Likiunganishwa ni labda, hukaa mwanzoni mwa sentensi: "Maybe she is sick." Likitengana ni kisaidizi na kitenzi: "She may be sick." Ukiweza kulitoa na sentensi ikabaki imesimama, lilikuwa la kuunganishwa. "Maybe she may be sick" ni shaka juu ya shaka.

Barua ya ofisini imesema "Failure to reply may lead to disciplinary action". Niogope?

Jibu barua. Lakini swali lako ni zuri, kwa sababu kwenye maandishi ya kisheria neno hilo si la kubahatisha tu, linagawa madaraka. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1 ya sheria zetu, inaeleza kwamba pale sheria inapotoa mamlaka kwa neno "may", mwenye mamlaka anaweza kuyatumia au asiyatumie, kwa hiari yake. Panapokaa "shall", ni wajibu. Barua ya mwajiri si sheria ya Bunge, ila walioiandika wameazima lugha ileile. "May lead" inawaachia wao mlango. Wanaweza kukuchukulia hatua, wanaweza kukuacha. Ingekuwa "will lead", wangekuwa wamejifunga wenyewe.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria, lakini barua, mikataba na matangazo mengi ya Kiingereza bado yako mezani mwetu, kwa hiyo elimu hii haijapitwa.

Upande wa pili wa shilingi: mkulima wangu sasa anaitumia "may" kama mwanadiplomasia. Mnunuzi akichelewesha malipo humwandikia: "If payment is delayed further, we may have to sell to another buyer." Hajatukana, hajaapa, na mnunuzi amesikia.

Muuguzi anauliza: kwenye dawa imeandikwa "may cause drowsiness". Nimwambie mgonjwa itamlaza?

Usimwambie itamlaza, maana asipolala atadhani dawa ni feki. Mwambie inaweza kumletea usingizi, wengine huwapata na wengine hauwapati, kwa hiyo asiendeshe pikipiki mpaka ajue mwili wake unaipokeaje. Kumbuka kile kipimo changu cha "huenda": hapa "may" na "can" zote zinakubalika, kwa sababu ni tabia ya dawa na papo hapo ni kubahatisha juu ya mtu mmoja aliyeshika pakiti. Mipaka ya lugha haina seng'enge.

"Should" nayo si ni ya ushauri tu?

Ni ya ushauri, na pia ya matarajio: "The bus from Singida should be here by noon." Kwa mahesabu ya kawaida litakuwa limefika. Ila kuna tabia yake watu hawaitaji: hupenda matokeo mema. Tunasema "The medicine should help." Kwa jambo baya tunalolihofia tunarudi kwa "could" au "might".

Matamshi yake?

"Could", "would" na "should" zina "l" isiyotamkwa: kud, wud, shud. "Might" ni mait, bila "g". Kwenye mazungumzo ya haraka "will" hubaki "l" tu nyuma ya neno: "it'll", "you'll". Usipoisikia utadhani mtu anazungumzia leo. Na "could have" husikika kama "kudav", ndiyo sababu hata Waingereza wenyewe wengine huandika "could of". Ni kosa. Wewe usiwaige kwa hilo.

Nifanyeje mazoezi nikiwa peke yangu nyumbani?

Chukua tahadhari moja ya hali ya hewa, itafsiri, kisha ubadilishane na mwenzako. Wiki iliyopita tulifanya hivyo darasani kwa sentensi niliyoitunga kwa mtindo wao: "Baadhi ya barabara za vijijini zinaweza kutopitika, na wasafiri wanaweza kukwama." Makarani wakaandika "can be impassable". Dereva wa bajaji akakataa, akasema hiyo ni tabia ya barabara za huko siku zote za masika, na kwamba yeye anazijua kuliko wao. Hoja yake ilikuwa na uzito na ilitupotezea dakika kumi. Lakini tahadhari inazungumzia siku tano zijazo, si masika yote. Tukatia "huenda" kwenye Kiswahili, maana ikabaki palepale, na ubaoni ikabaki hii: "Some rural roads may become impassable, and travellers could be stranded."

Dereva akainakili, kisha akaandika chini yake kwa herufi kubwa: "WILL".